Shemeji mtarajiwa alilamba jiwe la shamba letu

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Anayetaka hadithi ya kubembelezwa apite uzi mwingine. Hii ilitokea kwetu na mimi nilikuwa pale pale nikiona.

Kwetu ni Mbeere, ile Embu ya chini, ya joto na ndengu. Kwa sababu ya kazi naishi mtaa wa Dallas, Embu mjini, lakini wikendi nyingi niko nyumbani kwa Mama.

Dada yangu Wawira alileta mchumba. Anaitwa Mwenda, Mmeru, anafanya kazi na watu wa kuchimba visima vya maji. Kijana mpole, hana maneno mengi.

Hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Mtu anakuja kuomba msichana na haongei, kwani anafikiria nini?

Baba alishatutoka, kwa hivyo mambo ya familia yanasimamiwa na baba mdogo, Mzee Njeru. Huyu ana muguka, ile miraa ya majani ya kwetu, shavuni kuanzia asubuhi na haamini mtu. Mwenda alipofika na kifungu cha miraa, vile desturi ya kwao inataka, baba mdogo alikigeuza geuza akauliza, "Kwani muguka yetu iko na makosa gani?"

Tukacheka. Yeye hakucheka.

Baada ya chakula Mwenda akaomba kuona shamba. Nikamfuata kwa nyuma. Si kwa ubaya, lakini mgeni huwezi kumwachilia tu hivi hivi.

Akasimama kwenye matuta, akaokota jiwe, akalipangusa na kidole. Akaligeuza juani, likametameta rangi ya dhahabu.

Halafu, wakuu, akalilamba.

Mtu mzima, shati imepigwa pasi, analamba jiwe! Akaangalia vizuri pale penye mate, kisha akalitia mfukoni.

Nilirudi mbio kumwambia baba mdogo. Akatema muguka, jambo ambalo huwa halifanyi ovyo. "Huyo hakukuja juu ya msichana," akasema.

Mjue mawe hayo tumekua nayo. Tulikuwa tunawarushia ndege wa mtama, na hakuna mtu aliwahi kujiuliza kwa nini yanang'aa. Lakini wiki hiyo baba mdogo alikusanya yote yenye kumetameta, akayafungia kwenye store ya nafaka na kufuli, ufunguo akatembea nao. Ndengu za Mama zikahamia chini ya kitanda.

Mwenda aliporudi, baba mdogo akamwekea jiwe mezani. "Hii ni nini?"

Kijana hakubabaika. Akasema jiwe ukililowesha, chembe zake zinaonekana vizuri, ndiyo maana wao kazini hulamba. Akatuonyesha: hizi chembe kubwa zinazong'aa kama chupa iliyovunjika ni quartz. Hizi nyeupe zilizofifia ni feldspar. Na hii ya dhahabu ni mica tu. Akaichokoa na ukucha, ikabanduka vipande vyembamba kama ganda la kitunguu.

"Dhahabu haibanduki hivi, mzee. Ukiigonga inalala, inapanuka. Hii itakuwa unga." Akaigonga na nyundo. Ikawa unga.

Mimi nikaona sawa, ameeleza. Baba mdogo akaninong'oneza, "Na wewe ungetaka mali ya mtu, si ungesema hivyo hivyo?"

Nikaanza kufikiria. Kweli, ningesema hivyo hivyo.

Tukabeba sample mpaka Meru mjini, kwa fundi wa pete mmoja si mbali na soko la Gakoromone. Akaangalia mara moja tu, akaturudishia. "Hii mnaeza weka tu kwa njia, gari isikwame." Tukiwa nje baba mdogo akatikisa kichwa: "Mmeru atasema nini juu ya Mmeru mwenzake?"

Unaona hapo? Hakukuwa tena na jibu ambalo lingemsaidia yule kijana.

Siku ya wazee kuja kuomba msichana ikafika. Watu wa Mwenda walikuja vizuri, maneno yakaenda vizuri, mbuzi akachinjwa. Halafu baba mdogo akasimama.

"Kabla tuendelee, huyu kijana aape hapa mbele ya wazee. Aseme yeye na watoto watazaa na huyu msichana hawatakuja kuuliza kitu yoyote iko chini ya hii shamba."

Wazee wa Meru wakaangaliana. Wawira alikuwa mlangoni na sufuria ya chai.

"Watoto wangu, baba mdogo? Hawajazaliwa na tayari ni wezi?"

"Mimi nachunga mali ya baba yako."

"Basi chunga."

Akaweka sufuria chini, akavua leso, akamwekea Mama mapajani. Wageni walipoondoka, akaondoka nao. Kwetu msichana hatoki hivyo, hutolewa kwa baraka. Mama alibaki ameshika ile leso, na mimi nilisikia aibu ambayo siwezi kuieleza.

Sasa wana mtoto wa kike. Desturi yetu, wa kwanza huchukua jina la mama ya bwana, wa pili la mama ya bibi. Wawira hakungoja wa pili, alimpa jina la Mama. Na Mama hajawahi kumbeba, kwa sababu baba mdogo amesema hakuna mtu kwenda huko mpaka kijana arudi aape.

Funzo langu ni hili: ukishaamua mtu ni mwizi, hata ukweli wake unaufanya kuwa ushahidi. Lakini nisiwadanganye, hiyo tabia haijanitoka. Siku hizi najiuliza pia kwa nini ule ufunguo anao baba mdogo peke yake.

Jana Mama aliniambia Jumamosi anaenda Meru, ruhusa iwepo isiwepo. Hajui njia ya kufika kwa Wawira. "Utanipeleka," akaniuliza, "ama na wewe unaogopa mtoto?"

Sijamjibu. Niambieni wakuu, hata kwa matusi, nasoma zote.