Sindano Kwenye Sabuni

Mwalimu wa ushonaji pale Sotik ana mkono mmoja, na mkono huo hauna haraka. Huichomeka sindano kwenye kipande cha sabuni ikasimama wima, hulowesha uzi kwa ulimi, kisha huupenyeza huku akivumisha wimbo wa kanisani. Rodah, aliyekatwa mkono na mashine ya kukatia ng'ombe nyasi, alimtazama hadi akasahau kwamba asubuhi aliapa kurudi nyumbani. Mwalimu akauchomoa uzi.

"Haya mama, sasa wewe."

"Mwalimu, mimi siwezi."

"Hata mimi nililia. Na kamasi sikujua nitapangusa na nini."

Uzi ulipopita, Rodah alipiga kelele, darasa zima likageuka. Mwalimu hakumsifu. Alimsukumia shati la shule lisilo na kifungo hata kimoja.