Mama Mabano na Vidole Viwili vya Fundi Cherehani

Saa mbili kasorobo asubuhi, Mama Mabano ameshaketi. Chumba cha kumbukumbu cha hospitali kina meza tatu, feni inayolalamika na dirisha linalotazama ukuta. Anavua viatu chini ya meza, anafungua faili na kuandika mstari mmoja: //*[@id='k2-m871'].

Kwa maneno ya kawaida, mstari huo unaiambia kompyuta: pita kila mahali humu, niletee mwenye kitambulisho hiki. Lugha yake inaitwa XPath. Mafaili yenyewe ni ya XML, ambamo kila taarifa hufungwa kwa mabano yenye ncha, na ndiyo maana wenzake wakambatiza jina hilo.

Jibu linakuja moja. Haliamini. Anaandika tena, safari hii akiuliza ni wangapi wenye kitambulisho hicho. Mmoja. Ndipo anashusha pumzi.

"Zamani nilikuwa siulizi mara mbili," anasema, macho yakiwa kwenye kibodi. "Nilijiona najua."

Ana miaka tisa hapa. Alianza kwa kubeba majalada, akajifundisha kompyuta mwenyewe, na leo mshahara wake ndio unaolisha nyumba ya watu watano.

Mwaka juzi hospitali iliunganisha mafaili ya kliniki zake mbili, wagonjwa 4,600 kwa jumla. Kila kliniki ilikuwa imewahesabu watu wake kuanzia moja. Kwa hiyo m214, kwa mfano, wakawa wawili: kijana mwenye afya tele, na mzee fundi cherehani mwenye kisukari. Kitambulisho hakitakiwi kurudiwa katika faili moja, lakini hakuna aliyeliwekea faili lile sharti la kukataa.

Kazi ya Mama Mabano ilikuwa kuchota majibu ya vipimo vya damu yaingie kwenye barua za wagonjwa. Mstari wake ulipoleta watu wawili badala ya mmoja, programu ya barua iligoma.

Anasokota kamba ya beji yake mpaka kidole kinakuwa cheupe.

"Watu wanadhani sikuona," anasema. "Niliona. Niliwaona wote wawili kwa macho yangu haya. Nikauzungushia mstari mabano, nikabandika [1] mwishoni, yaani nipe wa kwanza tu. Programu ikanyamaza. Nikaenda zangu kula."

Wa kwanza alikuwa yule kijana.

Fundi cherehani akapokea barua inayosema sukari yake iko sawa, arudi baada ya mwaka. Alifurahi, akaacha vidonge. Miezi saba baadaye kidonda cha mguu wa kulia kilikataa kupona, akakatwa vidole viwili. Mguu huo ndio anaokanyagia cherehani.

Uchunguzi ulikuta barua 37 zenye majibu ya watu wengine. Wagonjwa 36 waliwahiwa. Taarifa ya uongozi iliandika "hitilafu ya mfumo", na mkuu wake wa kazi akamvuta pembeni: "Yameisha hayo, dada. Usijichongee."

Hayajaisha. "Mfumo hauna mikono," anasema. "Mikono ni hii."

Alimtafuta fundi mwenyewe. Alimkuta kwenye kibaraza, mguu mmoja ukiwa umefungwa kitambaa, akikanyaga kwa ule wa kushoto. Mara ya kwanza alipeleka sketi ya kupunguzwa. Ameshakwenda mara nne, kila mara akiwa amejiapiza kusema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo nini tena?"

"Gauni, linanibana."

"Linabana, au wewe ndiye umenenepa?" Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Akiwa anapima, alimsimulia habari za mguu bila kuulizwa. "Wanasema ni kompyuta. Sasa nimkasirikie nani? Kompyuta haina hata sura."

"Nikamwambia, pole, baba," anakumbuka Mama Mabano. "Basi. Nilitamani ardhi ipasuke. Akanipunguzia bei, eti mimi mteja mwema."

Siku hizi kila kitambulisho hutanguliwa na alama ya kliniki yake, na wakitokea wawili kazi husimama. Mama Mabano akiona [1] kwenye mstari wa mtu, humfuata mezani na kumuuliza: "Na wa pili ni nani?"

Anajua kwamba akisema, kazi inaweza kuota mbawa. Hata hivyo alituomba jambo moja tu, habari hii isitoke kabla ya Jumamosi. Mke wa fundi humsomea mumewe gazeti, na Mama Mabano hataki mzee aisikie kwa mwingine.

Nyumbani, kabatini mwake hakuna tena nguo iliyochanika wala inayobana. Mdogo wake anamtania kwamba hajapata kumwona nadhifu hivi, naye hajui sababu.

"Nguo zimeniishia," anasema akipapasa viatu vyake chini ya meza. "Jumamosi nakwenda mikono mitupu."