Waya wa Ubao wa Levina

Ijumaa, tarehe 14 Juni 2024. Asubuhi kulikuwa na baridi, mbingu haina wingu, na upepo wa mashariki ulianza kurusha vumbi tangu saa tatu. Msituni majani yalikuwa makavu kiasi cha kulia chini ya kandambili.

Siku kama hiyo mwaka uliotangulia, moto ulioachwa na mrina asali mmoja ulipita msitu wa Ntalikwa na kuteketeza mizinga ya magome arobaini na mitatu ya kikundi chetu. Kumi na mmoja kati yake ilikuwa ya Levina, mingi ikiwa imetengenezwa na marehemu mumewe.

Levina ana miaka hamsini na miwili, na huu ni mwaka wake wa tisa wa uenyekiti. Baada ya moto ule aliandika kwa mkono wake ubao wa sheria kumi na mbili, akaufunga kwa waya kwenye nguzo, pale njia ya msituni inapoachana na barabara ya zamani ya misafara. Sheria ya kwanza ilikataza kuacha moto. Kila aliyepita aliusoma ubao huo. Hata hivyo, vienge viliendelea kuokotwa vikifuka. Kienge ni fungu la majani na magome makavu ambalo mrina huliwasha ili kuwafukiza nyuki. Akimaliza, hulitupa chini.

Mwezi Aprili mradi mmoja ulituletea mwalimu, Asmahani, wa familia ya Kiomani ya mjini. Alikaa nasi kwenye banda la kikundi, akakataa kusomewa sheria.

"Msiniambie watu wanatakiwa kufanya nini," alisema. "Niambieni wanafanya nini, na wakati huo mikono yao iko wapi."

Damas, mrina wetu mzoefu, akacheka. "Mwalimu, mkono mmoja una ndoo ya asali, wa pili umekumbatia mti. Kienge nikibebe kwa meno kama mbwa na mfupa?"

Banda zima likacheka. Levina hakucheka. Alihisi sheria zake zote kumi na mbili zinachekwa.

Asmahani akatutuma tukatafute mdudu au mnyama aliyekwisha kutatua shida kama yetu, kisha tutengeneze kitu cha kujaribia, kibaya kibaya tu, tusiogope kukivunja. Aliyerudi na kitu ni Recheli, mke wa mdogo wake Levina. Katika ukuta wa jiko lake wanaishi nyuki wasiouma. Mlango wao ni kijibomba chembamba cha nta, na jioni hukiziba. Recheli akafinyanga chungu chenye shingo ya namna hiyo, na kifuniko chake. Kienge kikisukumwa ndani, kinakosa hewa na kufa polepole. Mrina anakitundika tawini, mikono yake ikabaki huru. Chungu cha kwanza kilipasuka. Cha pili kilikuwa kizito. Cha tatu kilifaa.

Kila mrina alipewa chake chenye alama yake, kitundikwe kwenye nguzo ya njia panda kila anapotoka msituni, ili ambaye hajarudi ajulikane na wote. Nguzo yenyewe ni ile ya ubao. Watu wakawa wanatazama vyungu, ubao ukabaki juu kama kofia. Tangu Mei hatujaokota kienge hata kimoja.

"Mwalimu amemtaja Recheli mara tisa leo," Levina aliniambia mimi, katibu wake, siku moja. "Mimi mara moja, alipoita majina ya mahudhurio."

Ijumaa hiyo tulikuwa tunamchagua wa kwenda Kaliua Jumapili kuwafundisha warina wa huko. Levina aliitaka safari hiyo kuliko alivyowahi kuutaka uenyekiti. Kabla ya kura, Asmahani alitundika chungu cha Recheli mbele yetu, kienge kikiwa bado kinafuka ndani, akatukalisha kimya kwa dakika kumi.

"Pumueni. Tazameni kilicho mbele yenu na kilicho ndani yenu. Msikifukuze."

Wengi walifumba macho. Levina hakufumba. Ndani yake alimkuta Recheli: kitenge chake kipya, sauti yake, namna anavyoinamisha shingo akisifiwa. Basi akakikagua chungu kile kama mama mkwe anavyomkagua bibi harusi. Karibu na mwisho aliona kamba ya kukitundikia, ya gome la mti wa myombo, pale inapozunguka shingo, ikigeuka rangi. Uzi mmoja ukakatika, ukajikunja.

Alielewa mara moja. Kwetu mizinga iko karibu, chungu hakining'inii muda mrefu. Kaliua watu hutembea saa nzima kutoka mzinga hadi mzinga, chungu kikining'inia na moto wake. Kamba ingekatika, makaa yangemwagika kwenye nyasi za watu, na moto ungeitwa wa Recheli.

"Niliona raha," aliniambia baadaye. "Raha kabisa, katibu. Uandike hivyo hivyo."

Asmahani akauliza nani ameona nini.

"Usingizi, mwalimu," alisema Damas.

"Sikuona kitu," alisema Levina.

Recheli alipata kura kumi na saba, Levina nne.

"Usinune, wifi," Recheli alimwambia mlangoni. "Nikuletee nini kutoka Kaliua?"

"Niletee adabu."

"Ingekuwa inauzwa, ningeshakununulia wewe kwanza."

Levina alirudi kwa njia ya msituni, akapita kwenye miti iliyotundikwa mizinga ya mumewe. Miti hiyo bado ilikuwa myeusi upande mmoja. Nyumbani alikaa kizingitini jua likiwa bado lipo, akarudia zile dakika kumi, bila kuambiwa na mtu. Wivu ulikuwepo wote, haukupungua hata chembe. Ila kando yake ilikuwepo ile kamba.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwenye nguzo, akaukunjua waya, akauegemeza ubao chini. Alipofika na waya kwa Recheli, alimkuta anafagia uwanja.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Lete hicho chungu."

Akaikata kamba kwa kisu, akaanza kuzungusha waya shingoni mwa chungu.

"Kuna nini?"

"Kamba yako inaungua. Niliona jana."

"Jana si ulisema hukuona kitu?"

"Nilikuwa nakuonea wivu. Na sasa hivi nakuonea. Shika hapa."

Recheli akashika. "Wakiniuliza huu waya ni wazo la nani?"

"Sema la mwenyekiti."

"Nitasema la wifi yangu mnunaji."

"Sema la mwenyekiti," alirudia Levina, akaukaza. Waya ulitosha vyungu vitatu. Vilibaki kumi na tisa, na saa mbili alikuwa kwangu akiulizia waya mwingine.