Shati la Ghorofa ya Nne

Siku ya kwanza Minegishi alipokuja kujitambulisha kwangu, alipiga hodi kwenye chumba cha takataka. Akainama, akataja jina na cheo chake kwa sauti kubwa, akayaomba mapipa yampe ushirikiano. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika ufagio. Nikajisemea, lo, ndiye huyu atakayelitengeneza jengo letu lenye nyumba sitini na mbili!

Mimi naitwa Tarumi, mwangalizi wa jengo hili hapa Amagasaki, mwaka wa kumi na moja sasa. Funguo zote ziko kiunoni kwangu na hakuna anayeingia wala kutoka nisijue. Natangulia kusema hivyo ili mjue kwamba haya nimeyaona mwenyewe.

Minegishi alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mtoto wa wakulima wa machungwa kule Wakayama. Alikuwa fundi rangi miaka kumi na tano mpaka goti likamgomea, kampuni ikamwingiza ofisini kuwabebea mameneja makaratasi. Jengo letu ndilo lilikuwa mradi wake wa kwanza kuusimamia. Mkewe alikuwa anamfungia wali na samaki wa chumvi, na mara nyingi saa kumi jioni namkuta bado hajaufungua.

"Mzee Tarumi," aliniambia siku moja tukinywa chai, "kiunzi hiki cha mabomba lazima kishuke tarehe tatu Juni. Wale jamaa wa kiunzi wakitoka hapa wanakwenda kwenye shule. Nikiwakosa siku hiyo, siwapati tena mpaka mwisho wa Julai."

"Kwa hiyo watu wangu wakae ndani ya neti kipindi chote cha mvua, madirisha yamefungwa?"

"Ndiyo. Na mimi nitarudishwa kwenye makaratasi. Wameshaniambia."

Basi, kazi yenyewe ilikuwa hivi. Jengo zima lilizungushiwa kiunzi cha mabomba ya chuma, mafundi wapate pa kusimama, juu yake neti ya kijivu. Kwanza akapita fundi wa vigae na fimbo yenye gololi, anaiburuza ukutani na kusikiliza wapi kigae kimeachia. Wakaja waosha ukuta, wakaja wazibaji nyufa, wakaja mafundi rangi, na mwisho kabisa ilikuwa sakafu za roshani zipakwe dawa ya kuzuia maji. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Minegishi alijaza ukuta mzima wa kibanda chake, kule kwenye maegesho ya baiskeli, vipande vya utepe vya rangi saba, ndiyo ratiba yake. Mvua ya siku moja ikinyesha anavibandua vyote na kuvibandika upya, huku anajiuliza mwenyewe, "Sasa nani anamngoja nani hapa?" Mara mbili nilimwona anakwenda kwenye kikao na kipande cha utepe mgongoni.

Halafu kulikuwa na ubao wa nguo. Majengo yanayotengenezwa yote yanao, nasi tuliuweka karibu na lifti. Kila roshani na alama yake: duara maana yake leo anika, msalaba maana yake leo usianike, utaharibu nguo zako au utaharibu rangi yetu. Saa moja asubuhi akina mama walikuwa wamejaa hapo na vikapu vyao, hakuna anayebishana. Watu wa hapa ukiwawekea alama ya msalaba ukutani, wametii.

Isipokuwa nyumba namba 403. Roshani zetu zinatazama nyuma, upande wa mfereji, kwa hiyo mimi kutoka mezani kwangu sizioni. Mafundi ndio walioniletea habari: tangu neti ipandishwe kuna shati jeupe la kiume pale, limetundikwa kwenye mti wa kuanikia. Siku ya duara lipo, siku ya msalaba lipo. Waosha ukuta walililowesha chapachapa, Minegishi akapanda na boksi la biskuti kuomba radhi. Kesho yake lilikuwa pale pale.

Sasa ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungeuliza. Minegishi aliandika tangazo. La kwanza lilisema tafadhali msianike nguo siku za msalaba. La pili lilisema tunasikitika mno kwa usumbufu, ila ikiwezekana. La tatu lilikuwa na heshima nyingi mpaka nililisoma mara mbili nisijue linaomba nini.

Kilichonichanganya mimi ni kingine. 403 anakaa Bi Urabe, miaka sabini na mitatu, mjane. Mumewe alifariki miaka minne iliyopita, na ni mimi niliyeushikilia mlango wa lifti jeneza likishushwa. Watoto hawana. Shati la nani?

"Bibi kapata bwana!" alisema Kitaura, mkuu wa mafundi rangi, mtu wa mdomo mpana ambaye hata akinong'ona mtaa unasikia.

"Basi huyo bwana anapitia dirishani," nikamjibu, "maana mlangoni kwangu hajapita."

Tukacheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Nakikumbuka kicheko kile na naona haya.

Wiki ya mwisho ya Mei, Kitaura akaja kibandani na uso umembadilika. "Bosi, lile shati nimeligusa. Ni kavu. Saa moja asubuhi, umande umejaa kila mahali, shati kavu. Juzi nimeligusa, kavu. Ile nguo haifuliwi. Inatolewa nje tu."

Minegishi akaangalia ukuta wake, akachukua kalamu, akaandika 403 na alama tatu za kuuliza.

Na muda ulikuwa unatuishia. Dawa ya sakafu inataka roshani iwe tupu, dirisha lizibwe kwa nailoni, na siku mbili mtu asikanyage. Roshani sitini na moja zilikuwa tayari. Mafundi walipokwenda 403 na ndoo zao, Bi Urabe alifungua kidogo, akasema, "Samahani sana, kesho." Kesho yake akasema kesho. Siku ya tatu hakufungua kabisa, na shati lilikuwa linapepea. Ukiiacha roshani ile bila dawa, maji yote yanashukia 303 na 203, kazi yote ya upande ule ni bure. Na jamaa wa kiunzi walishapiga simu kwamba tarehe tatu asubuhi wako getini. Siku hiyo ilikuwa tarehe thelathini.

Nilimkuta Minegishi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Harufu niliipanga, Mzee Tarumi. Kelele niliipanga. Paka wa 208 ana siku zake, maua ya 510 yana siku zake, mwenye mtihani wa 301 nilimsogezea siku ya kuchoronga ukuta. Nimesahau nini? Niambie, nimesahau nini?"

"Kamuulize mwenyewe."

Alinitazama utadhani nimemtukana. "Nimuulize? Mama wa watu, anaishi peke yake, niende mlangoni kwake nimuulize habari za shati la mwanaume? Uso wangu nitauweka wapi?"

"Basi andika tangazo la nne!" nikamwambia kwa hasira. "Liwe la heshima zaidi, mpaka kiunzi chenyewe kione aibu kishuke!"

Halafu akainuka, akajipangusa suruali.

Tulipanda pamoja. Mlangoni kwa Bi Urabe nilizichezesha funguo zangu kama kawaida yangu, ili ajue ni mimi na asiwe na wasiwasi. Alifungua kidogo, mnyororo wa mlango ukiwa bado umeshika. Minegishi akainama mpaka chini kabisa, jasho linamtoka, akasema maneno mengi ya kuzunguka, na mwishoni kabisa, kwa sauti ndogo, akauliza kama kuna jambo lolote kuhusu shati ambalo yeye kama meneja alipaswa kulijua na hakulijua.

Bi Urabe alimtazama yeye, si mimi.

"Vijana wako ni wazuri," alisema. "Wananiamkia kila siku. Lakini ni watu thelathini, baba, na wanapita dirishani kwangu kutwa. Na hiyo neti, mtu wa barabarani haoni kitu. Nikiliondoa shati siku mbili, watajua kwamba humu niko peke yangu."

Yaani! Wanawake wanaoishi peke yao kuanika nguo ya kiume, nani hajui jambo hilo hapa kwetu? Wasichana wa ghorofa ya pili wanafanya, mama zao ndio wanaowaletea hizo nguo. Lakini wao ni wasichana. Kwamba bibi wa miaka sabini na mitatu naye anaogopa, halikunipitia kichwani hata mara moja. Nikajiona boya kweli kweli.

Minegishi alikuwa bado ameinama. "Mzee wako alikuwa anafanya kazi gani?" aliuliza.

"Kiwanda cha vioo. Zamu ya usiku, miaka thelathini."

"Basi bado anafanya," akasema Minegishi.

Bi Urabe hakuelewa, na mimi sikuelewa. Tukashuka.

Kesho yake asubuhi, mafundi walipomaliza mazoezi ya viungo, walijipanga uwanjani kusikiliza kazi za siku. Minegishi akasoma karatasi yake. Ghorofa ya sita, kusafisha. Ghorofa ya tano, ukaguzi. Halafu akasema, sauti haitetemeki hata kidogo, "403, dawa ya sakafu, leo na kesho. Mwenye nyumba, Bwana Urabe, anafanya zamu ya usiku, mchana analala. Kelele ziwe ndogo. Shati lake litatundikwa kwenye bomba la kiunzi, nje ya roshani, kwa ruhusa yangu. Hakuna kuligusa."

Kutundika kitu chochote kwenye kiunzi ni marufuku, na marufuku hiyo aliiandika yeye mwenyewe kwa wino mwekundu. Watu wote walimgeukia Kitaura, maana tulijua mdomo wake. Kitaura akainua macho juu, ghorofa ya nne, akakaa hivyo kidogo. Najua alielewa, kwa sababu alivua helmeti yake.

"Sawa, Bosi," akasema. "Akiamka tutamwamkia."

Shati Minegishi alilifunga mwenyewe kwa kamba mbili, akapanda na goti lake lile bovu. Na kwenye ukuta wa kibanda, kati ya vipande vyote vile vya rangi, alibandika kimoja cha buluu: Bwana Urabe, amelala. Siku mbili mafundi walipita pale kwa kunyata. Nilimsikia Kitaura mwenyewe anamkemea mwenzake aliyedondosha spana, "We! Mzee wa watu kalala!"

Tarehe tatu kiunzi kilishuka. Tarehe sita mvua zilianza, na roshani zote sitini na mbili hazikuvuja hata tone. Minegishi alipewa jengo jingine, kubwa zaidi, kule Himeji. Alikuja kuniaga akaupata mlango wangu bila kukosea, ingawa mkoba aliusahau, ikabidi nimkimbize nao hadi stesheni.

Ingeishia hapo ningekuwa mtu wa furaha. Lakini wiki moja baadaye nilikwenda upande wa mfereji kuzibua mtaro, nikainua macho. Shati lilikuwa pale, limesogezwa ndani kidogo lisirowe.

Sikuelewa. Mafundi hawapo, neti haipo, anamwogopa nani? Nikasema nimejifunza kwa Minegishi, usiandike tangazo, kaulize. Nikapanda. Nikazichezesha funguo, nikapiga hodi. Alifungua, mnyororo ukiwa umeshika.

"Bi Urabe, watu wamekwenda zao. Shati la nini tena?"

Sikumngoja ajibu.

"Na kama una hofu, mbona hukuniambia mimi? Yule Minegishi ni mgeni wa miezi mitatu. Mimi niko hapa miaka kumi na moja. Ningekulinda!" Nilikuwa nimeumia, sikatai, na sauti ilinipanda.

Bi Urabe hakunitazama usoni. Alinitazama kiunoni.

"Bwana Tarumi," alisema kwa upole, "shati hilo halikuanza na kiunzi. Nalianika tangu wiki ile tuliyomzika mume wangu." Akaushika mnyororo wa mlango. "Funguo zote si unazo wewe?"

Akainama, akafunga mlango taratibu.

Nilishuka kwa ngazi, lifti sikuitaka. Miaka kumi na moja nimekuwa nazichezesha zile funguo kwenye milango ya watu, nadhani nawatuliza. Sijamwibia mtu, sijaingia kwa mtu, na siku ile sikujua nimwambie nani hilo ili aniamini. Sasa kila nikipita ghorofa ya nne nazifumbata kwa mkono zisilie. Lakini mlangoni kwa 403 nasimama sijui la kufanya, maana zikilia atajua niko hapo, na zisipolia hatajua.