Nilivyokodi gari Kampala enzi za jeshi bila kugeuza karatasi ya bima

Habari za humu wakuu. Mimi huwa nasoma nyuzi zenu na kupita kimya kimya. Leo naandika kwa sababu wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia simu akiwa uwanja wa ndege ugenini, anakodi gari.

Akauliza, "Mjomba, hawa watu wananiuzia bima ya ziada. Nichukue au wananipiga?"

Haya ndiyo niliyomjibu. Yamenikuta mwenyewe na sijatia chumvi.

Miaka ya sabini, Uganda iko chini ya jeshi. Mimi ni mtu wa Tabora lakini nilikuwa Nairobi, mkaguzi wa mabehewa ya treni. Kazi yenyewe unapita na chaki, ukiona ubovu unaweka alama, kisha unaandika kwenye fomu. Ukishaizoea kazi hiyo unaifanya hadi kwenye viti vya watu sebuleni, mke wangu alishanigombeza sana.

Dada yangu Mwajuma alikuwa ameolewa na polisi, wanakaa Naguru, hapo Kampala. Mume akahamishiwa kaskazini, huku nyuma dada akajifungua kwa upasuaji pale hospitali ya Nsambya. Nikaomba ruhusa kazini nikamfuate. Jumanne namtoa hospitali, Alhamisi tunapanda treni ya Nairobi.

Shida ikawa usafiri. Petroli ya kubahatisha, teksi hakuna, na mtu mwenye mshono humpandishi nyuma ya lori. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja Mnubi aliyekuwa anakodisha magari. Tumwite Mzee Rajabu.

Akanipa Peugeot nyeupe. Nikatoa chaki yangu.

Bampa ya nyuma imebonyea, nikaandika. Mlango una mkwaruzo, nikaandika. Nakala mbili, moja yake moja yangu, na nikamtaka asaini zote. Mzee akacheka, akasema kwa Kiswahili chao cha kule ambacho 'na' ni ya kila mtu, "Wewe nanunua gari ama nakodisha?"

Kwenye ukingo wa taa ya mbele niliona vistari vitatu vya rangi nyekundu. Nikamuuliza ni nini.

"Hiyo alama yangu. Hii mji spea napotea sana. Kila gari yangu iko nayo."

Alikuwa na haki. Tangu Wahindi wenye maduka wafukuzwe, taa ya gari ungeitafuta mwezi mzima.

Nikamuuliza kama bima ipo. "Bima iko. Full."

Full, wakuu. Nikasaini, nikamwachia hati yangu ya kusafiria kama dhamana, ndiyo ilikuwa desturi yake. Karatasi ya mkataba sikuigeuza. Mtu anayehesabu hadi nati za behewa! Mpaka leo najiona mjinga.

Jumanne nikamchukua Mwajuma na kichanga chake. Hatujafika Naguru, kizuizi cha askari. Koplo mmoja mrefu akafungua mlango wangu.

"Shuka. Mimi naendesha. Naenda Luzira."

Nikataka kubisha. Mwajuma akanishika bega kutoka nyuma. "Kaka, mpe."

Nikahamia kiti cha pembeni. Yule bwana akaendesha hadi Luzira, akaingia kwenye kona ya geti la kambi yao kwa kasi, akagonga nguzo. Taa ya kushoto ikawa vipande. Akashuka, akaitazama, akasema pole. Akachungulia mtoto kidogo, kisha akaingia zake ndani.

Jumatano asubuhi nikarudisha gari. Mzee Rajabu akachukua mkataba, akaugeuza.

"Soma nyuma."

Nyuma pameandikwa kwamba bima inamlipa yule utakayemgonga, gari lenyewe halimo. Akiendesha mtu ambaye jina lake halipo kwenye mkataba, hasara ni yako. Gari likiharibika mikononi mwa askari, hasara ni yako pia.

Halafu akaanza kudai na bampa, na mlango. Hapo nikatoa nakala yangu. Akaona saini yake, bampa na mlango vikafutwa. Taa ikabaki, na taa kweli ilikuwa juu yangu. Nikasema nitalipa.

"Pesa nafanya nini? Leta taa. Karatasi yako ya safari iko kwangu."

Sasa mnielewe. Mtanzania bila hati ndani ya Kampala wakati ule alikuwa anaitwa jasusi kabla hajaulizwa jina. Treni ni kesho. Niliogopa, tena sana, lakini nikajiapiza kwamba treni ile napanda na hati iko mfukoni.

Nikazunguka maduka yote. Hakuna.

Nikaamua kumrudia koplo. Mwajuma alilia, akaniambia, "Kaka, utaniacha na mtoto peke yangu katika nchi hii." Nikamwambia nikikaa ndiyo tutabaki wote. Nikaenda Luzira, sehemu kubwa kwa miguu.

Nilimkuta getini anakunywa chai.

"Shikamoo afande. Mimi ni yule wa gari, mwenye mtoto. Nisipopata taa, mtoto hafiki nyumbani."

"Mtoto nanyonya?"

"Ananyonya, afande."

Akaingia ndani. Akarudi na kitu kimezungushiwa gunia. "Peleka. Usiulize."

Sikuuliza. Jioni nikaiweka mezani kwa Mzee Rajabu. Akafungua gunia, akaigeuza taa, kidole kikasimama kwenye ukingo.

Vistari vitatu vyekundu.

Mzee akakaa chini. Akaniambia kwamba alikuwa na Peugeot ya pili. Askari waliichukua mwaka uliopita, pamoja na mdogo wake aliyekuwa anaendesha. Watu wa bima walikataa kulipa, na mdogo wake hakurudi.

"Ndiyo mimi naandika ile ya nyuma."

Akaniuliza taa nimeitoa wapi, nikamweleza. "Na gari, uliona?"

"Sikuona, mzee."

Akanipa hati yangu. Ile taa hakuifunga kwenye gari. Aliizungushia tena gunia lake taratibu, akabaki ameipakata.

Alhamisi tukapanda treni.

Kwa hiyo wakuu, ukikodi gari popote, kagua bodi na uandike, siku hizi mna simu, pigeni picha. Uliza bima inalipa nini na haigusi nini. Jina la kila atakayeshika usukani liandikwe. Na ugeuze karatasi, kwa sababu kila kifungu cha nyuma kuna mtu kilimkuta kwanza.

Huyo mpwa aliyenipigia simu ndiye alikuwa kile kichanga cha kiti cha nyuma. Nilimwambia, geuza ukurasa unisomee. Akanisomea mstari kwa mstari, nami nikamsikiliza hadi mwisho.

Nanyi yaliyowakuta kwenye magari ya kukodi yawekeni hapa chini, mzee nasoma yote.