Mikono Iliyongoja Neno

Mimi na yaya, kaka yangu mkubwa, tuliendesha lori moja kati ya Lubumbashi na Kambove kwa miaka tisa. Tulikuwa na sheria moja: anayepumzika hagusi usukani mpaka anayeendesha aseme, "Iko yako." Mikono minne kwenye usukani mmoja hupeleka lori mtoni, alisema yaya.

Mwaka jana nilimzika.

Mwaka huu walikuja watafiti wakitafuta madereva wa zamani. Mgodi mmoja unataka malori yanayojiendesha, na dereva akae ndani, ayashike yakishindwa. Walitaka kujua tunachukua muda gani kuurudisha usukani mikononi. Ambaye angefaulu angepewa kazi. Mimi sina kazi tangu mazishi.

Katika chumba chao cha majaribio mlikuwa na kiti cha lori, usukani, na skrini iliyoonyesha barabara ya vumbi jekundu. Dereva aliyetoka kabla yangu alilicheka jasho langu. "Unaogopa nini, mukubwa? Ile kamyo ya kujiendesha hailali, hainywi, hata choo haiombi."

Nikakaa. Usukani ulijizungusha wenyewe, polepole, kana kwamba umeshikwa na mtu nisiyemwona. Niliambiwa nisome gazeti, nikasoma mstari uleule mara nyingi. Kengele ikalia. Niliinua macho, nikaona kona, nikaona lori halikati. Mikono yangu ilibaki juu ya gazeti. Ilikuwa inangoja neno.

Ndivyo ilivyokuwa siku aliyokufa yaya. Nyumbani nilisema nilikuwa nimelala. Sikulala. Niliona kichwa chake kikiinama, niliona lori likiacha barabara, nami nikautazama mdomo wake, nikingoja aseme.

Kwenye skrini lori liliingia korongoni bila sauti. Ndipo nikaliweka gazeti chini.

Mtafiti, mwanamke kijana, aliniinamia. "Pole, papa. Pengine kengele haikulia muzuri. Niandike vile, urudi kesho?"

Kazi ile niliitaka sana.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Kengele ililia muzuri. Nilisikia. Na kona niliiona. Andika vile."

Akaandika. Nikatoka, nikavuka mji kwa miguu hadi kwa mjane wa yaya, yule niliyemwambia nilikuwa nimelala. Mlangoni niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye kile kiti. Nikapiga hodi.