Haini wa Satini ya Kijani

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani na pia, bila kuombwa na mtu, mwalimu wa neno moja. Jina la utani alilipata kwa kushona pindo zisizofumuka. Ualimu alijipa mwenyewe. Mwanafunzi wake wa kudumu alikuwa muuguzi, rafiki yake wa kufa na kuzikana, ambaye kila akija kupimwa alifundishwa upya.

"Haini ni mtu, hiana ni tabia yake," Mama Pindo alisema, pini mdomoni. "Uhaini, huo ni wa wakubwa, wale wanaouza nchi. Neno limetoka Kiarabu. Tabia yenyewe hatukuagiza popote."

Mfano wake haukubadilika: fundi wa ng'ambo ya barabara, aliyejifunza kazi kwenye cherehani yake kisha akaondoka na nusu ya wateja.

"Kitambaa cha mtu ni amana. Mteja naye ni amana. Yule kala vyote, na bado ananisalimia."

Basi muuguzi akaleta satini ya kijani ashonewe gauni. Likatoka zuri mno, na uzuri huo ndio uliomponza fundi wetu. Jumapili alikuwa na mwaliko kwa wifi yake, yule apendaye kumwuliza kama mafundi wote huvaa viraka. Kweli mwili wa Mama Pindo ulikuwa mpana kuliko wa muuguzi, lakini ufundi ni wa nini? Akafumua mbavuni, akalipanua gauni hadi ukingoni mwa kitambaa, akalivaa, akamkomesha wifi. Kesho yake akalibana tena, akapiga pasi, akalitundika. Amana ilirudi mahali pake salama kabisa, imetembea kidogo tu.

Muuguzi akaja kulichukua, na kitambaa kingine mkononi. Gauni lilimkaa, ila uzi ulimwasha ubavuni. Akalivua, akaligeuza. Satini ikishatobolewa haisahau: ndani, pembeni mwa mshono, palikuwa na mstari wa matundu ya sindano toka kwapani hadi chini.

"Mwenzangu, gauni jipya lina makovu?"

"Nilikosea kipimo kidogo, nikarekebisha."

"Wewe? Kipimo changu unakijua hata ukiwa usingizini. Hapa lilipanuliwa mpaka mwisho, na mwenye ubavu wa upana huu dukani humu namwona mmoja."

"Nililijaribu tu."

"Wapi?"

"Kwa wifi."

"Haya, nikumbushe, mwalimu. Mtu anaitwaje, na tabia yake inaitwaje? Mimi huwa nachanganya."

Mama Pindo akatafuta pini ya kutia mdomoni.

Muuguzi akaliweka gauni mezani taratibu, kama anayelaza mgonjwa. "Baki nalo. Limeshakuzoea." Akachukua kitambaa chake kipya, akavuka barabara. Fundi wa ng'ambo akainuka kumpokea na, kwa adabu yake ileile, akampungia Mama Pindo mkono.

Mama Pindo akajifungia ndani, akalijaribu gauni. Likakwama mbavuni. Alikuwa amelibana vizuri sana.

Akatafuta wembe, akaanza kufumua. Siku hiyo hapakuwa na somo.